Diski Isiyosomeka

Katika Dodoma na nyanda za kati, mvua hunyesha kuanzia Desemba hadi Aprili. Miezi mingine ardhi hukauka, na upepo huleta vumbi laini ndani ya nyumba. Vumbi hilo huingia hata katika kompyuta.

Ndani ya mashine ya kusomea diski mna lenzi ndogo, ambayo huelekeza mwanga wa leza kwenye diski inayozunguka. Habari zimeandikwa kwa vishimo vidogo mno, vilivyopangwa katika mstari mmoja unaozunguka kutoka katikati kwenda ukingoni. Vumbi likitanda juu ya lenzi, mwanga hutawanyika na vishimo havisomeki.

Ni hasara kununua mashine mpya kwa ajili ya vumbi tu. Basi jaribu kwanza. Tia diski nyingine. Ikisomeka, kosa liko katika diski ya kwanza. Ifute kwa kitambaa laini na kikavu, kutoka katikati moja kwa moja hadi ukingoni. Usiifute kwa kuzungusha, maana mkwaruzo unaofuata mstari huharibu habari nyingi mfululizo. Kama diski zote hazisomeki, huenda lenzi ina vumbi. Kama CD zinasomeka lakini DVD hazisomeki, shuku leza, kwa sababu katika mashine nyingi kila aina ina leza yake.

Angalia! Usichungulie ndani ya mashine iliyofunguliwa ikiwa ina umeme. Leza hudhuru macho, na mwanga wa ile ya CD karibu hauonekani kabisa.

Swali: Kwa nini mkwaruzo unaokata mstari hudhuru kidogo kuliko unaoufuata?