Uzito wa Hewa na Mwili wa Mwanadamu

Watu wengi hudhani ya kwamba hewa haina uzito, kwa kuwa hawauhisi mabegani mwao. Dhana hii si sawa. Mwaka 1644 Evangelista Torricelli, mtaalamu wa Kiitaliani, alimweleza rafikiye kwa barua jinsi bomba la kioo lililojazwa zebaki, likapinduliwa ndani ya bakuli la zebaki, lisivyomwagika lote: zebaki husimama kwa kimo cha sentimita 76 hivi. Kinachoizuia ni hewa inayoukandamiza uso wa bakuli. Kwa kipimo hicho, hapa pwani kila sentimita moja ya mraba ya ngozi yetu hubeba uzito wa kilo moja, na kwa mwili wote wa mtu mzima hesabu hupita tani 15.

Mtu atauliza: mbona basi hatupondeki? Jawabu si kwamba mifupa yetu ina nguvu za ajabu. Sehemu kubwa ya mwili ni maji, na maji hayashindiliki. Na palipo na uwazi, kama mapafuni na masikioni, mna hewa inayosukuma kwa nguvu ile ile ya hewa ya nje. Sikio lina mfereji mwembamba ushukao mpaka nyuma ya pua. Tukimeza mate au tukipiga miayo, mfereji hufunguka na hewa ikasawazika. Ndiyo maana mwenye mafua huumwa na masikio ndege inapotua.

Taabu, kwa hiyo, haiji kwa uzito wenyewe. Huja uzito unapobadilika, na mwili usiwahi kuufuata.

Kileleni Kilimanjaro, mita 5,895, hubakia kama nusu tu ya uzito wa pwani. Mwili ukipewa siku za kutosha, pumzi huzidi na damu huongeza chembe zake nyekundu. Asiyeupa nafasi hiyo huhatarisha roho yake. Mwaka 1875 Wafaransa watatu walipaa kwa puto lililoitwa Zénith, wakapita mita 8,000. Oksijeni walikuwa nayo karibu yao, lakini udhaifu uliwaingia bila ya maumivu hata mikono ikakataa kuinuka. Sivel na Crocé-Spinelli walikufa. Tissandier alirudi hai, naye akawa kiziwi.

Sisi watu wa bahari, hata hivyo, yatupasa kuujua zaidi upande wa pili. Kila mita 10 za maji huongeza uzito ulio sawa na wa hewa yote iliyo juu yetu. Mzamiaji wa pumzi yake mwenyewe, akifika mita 10, mapafu yake hupungua kwa nusu. Akiibuka hurudi yalivyokuwa. Atumiaye mtungi wa hewa hali yake ni nyingine, kwani huko chini huyajaza mapafu hewa iliyoshindiliwa. Akiibuka naye ameizuia pumzi, hewa hiyo hutanuka ikataka nafasi maradufu, na mapafu huweza kupasuka. Sharti apumue muda wote.

Lipo na jingine. Naitrojeni ya hewa huyeyuka ndani ya damu kwa wingi kule chini. Mtu akipanda kwa haraka hutoka kwa mapovu, mfano wa chupa ya soda inapofunguliwa. John Scott Haldane, mtaalamu wa Kiskoti aliyewajaribu mbuzi kwanza, alitoa pamoja na wenzake mwaka 1908 majedwali ya kumfundisha mzamiaji kupanda kwa vituo.

Kijana akitoka majini na mtungi wake, kisha akalalamika viungo, ganzi, au miguu kulegea, hapana haja ya kumtafutia jini wa baharini, wala kumkanda kwa mafuta. Ni mapovu hayo. Apewe oksijeni, apelekwe hospitali upesi hata kama maumivu yamepungua, na waganga waelezwe ya kuwa alizamia, kwa kina gani na kwa muda gani, ili aingizwe katika chumba cha hewa iliyoshindiliwa. Kumrudisha majini ili apone huko ni hatari juu ya hatari, na safari ya ndege huyakuza mapovu zaidi.