MBIO ZA POLEPOLE NA MBIO ZA KASI

Mwanafunzi anayejiandaa kwa mashindano ya shule huenda akawa na haja mbili: kupunguza mafuta ya mwili na kuongeza kasi. Mara nyingi huambiwa akimbie polepole tu, kwa kuwa ndizo mbio zinazopunguza mafuta. Kauli hiyo ina ukweli nusu, na akiifuata peke yake atabaki nyuma ya wenzake.

Misuli hupata nishati kutokana na mafuta na wanga. Gramu moja ya mafuta hutoa kilokalori 9, ya wanga 4. Hata hivyo, mafuta huvunjwa taratibu, na kwa kila lita moja ya oksijeni hutoa nishati pungufu kidogo kuliko wanga. Kwa hiyo kadiri mbio zinavyozidi ukali, ndivyo misuli inavyozidi kutegemea wanga.

Mfano

Kukimbia kilomita moja kwenye uwanja tambarare huhitaji takriban kilokalori 1 kwa kila kilo ya uzito wa mkimbiaji, awe na kasi au asiwe nayo. Mwanafunzi wa kilo 60 akikimbia nusu saa kwa mwendo wa kilomita 8 kwa saa, atatumia kilokalori 240. Tuseme nusu imetokana na mafuta: 120. Akikimbia kilomita 12 kwa saa, atatumia 360. Tuseme theluthi imetokana na mafuta: ni 120 vilevile, na jumla imezidi. Nishati anayotumia ikizidi ile ya chakula anachokula, mwili hufidia upungufu kwa akiba yake ya mafuta, hata wakati wa kupumzika.

Kasi

Moyo na misuli huzoea kazi inayopewa. Mwaka 1974, huko Christchurch, Filbert Bayi wa Tanzania alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, yaani zaidi ya mita 7 kwa sekunde. Mwendo huo haupatikani kwa mbio za polepole pekee. Lakini mazoezi makali ya kila siku huchosha na kujeruhi. Siku moja au mbili kwa juma zatosha. Zilizobaki ziwe za mbio nyepesi na mapumziko.

Zoezi

Mwanafunzi wa kilo 50 amekimbia kilomita 6. Ikiwa asilimia 40 ya nishati imetokana na mafuta, ametumia gramu ngapi za mafuta?