Umati au Waaminifu? Somo kwa Vijana Wenye Chaneli



Huku kwetu Bangwe vijana wengi wa kwaya tuna chaneli YouTube au TikTok. Swali ninaloulizwa sana: "Mbona watu wanaangalia mara moja, hawarudi?" Ukiona watazamaji arobaini tu kila wiki, kishawishi kinaingia: tuweke umbea, tumkebehi mtu, tuandike kichwa cha uongo. Hapo unaweza kupata watu na kupoteza ushuhuda wako.

Fungua Yohane 6. Yesu analisha wanaume wapatao 5,000. Kesho yake umati unamfuata hadi Kapernaumu, naye anawaambia wazi kuwa wanatafuta mikate tu. Anapofundisha juu ya Mkate wa uzima, wengi wanaondoka. Habadili somo ili wabaki. Anawageukia Kumi na Wawili na kuwauliza kama nao wanataka kwenda. Petro anajibu kwa niaba yao. Umati ni kitu kimoja, waaminifu ni kitu kingine.

Waaminifu wanapatikanaje? Waangalie wavuvi wetu wa dagaa. Taa inawashwa usiku na kuachwa iwake mpaka dagaa wakusanyike, ndipo wavu unashushwa. Anayewasha na kuzima hapati kitu.

Mtazame pia Kili Paul, kijana wa Kimasai kutoka mkoa wa Pwani, na dada yake Neema. Walifuatisha nyimbo za Kihindi kwa midomo, wakiwa na mavazi yao, katika mazingira ya kwao. Mtazamaji alijua atakutana na nini. Februari 2022 Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, aliwataja katika kipindi chake cha redio.

Sasa tufanye hivi:

1. Chagua unaongea na nani: wanafunzi, wanakwaya, au vijana wa kipaimara? Ukiongea na wote, hakuna anayejiona ameitwa.

2. Weka siku moja na uitunze. Kama ni Ijumaa jioni, iwe Ijumaa jioni.

3. Ingia kwenye jambo mapema. Mtu anatumia bando lake. Salamu ndefu zinamkimbiza.

4. Jibu maoni kwa kumtaja mtu jina. Akiomba sala, msalie kweli.

5. Usinunue wafuasi. Njia mojawapo ya kulipwa na YouTube kwa matangazo inadai wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Jina lililonunuliwa halikai kutazama hata dakika moja.

Na hao arobaini usiwadharau. Wakikaa pamoja, ni wengi kuliko jumuiya ndogondogo nyingi tunazosali nazo. Je, ungewaambia nini kama wangekuwa wamekaa kwenye mkeka sebuleni kwenu?

Tafakari ya wiki: video yangu ya mwisho ilimpa mtu mkate, au ilimfanya ageuze shingo tu?

Mungu awabariki. Tukutane wiki ijayo!