Si Ulevi, ni Upungufu wa Sukari

Muhula uliopita mwenzetu mmoja alianza kuyumba bwenini na kusema ovyo. Mimi, kiranja, nilidhani amelewa. Nikamkamata ukosi nimpeleke kwa mwalimu wa zamu. Mpishi akauliza, "Je, huyu si yule mwenye kisukari?" Kumbe asubuhi alijidunga insulini, kisha akakosa uji.

Dalili zake ni jasho jingi, kutetemeka, njaa na akili kuvurugika. Akiweza kumeza, mpeni vijiko vidogo vinne vya sukari katika maji. Baada ya dakika 15, asipopata nafuu, mpeni tena; akipata, ale chakula. Akizimia msimtie kitu kinywani: mlazeni ubavu, apelekwe hospitali upesi.

Mwenzetu alikunywa. Alipozinduka aliniuliza mbona nimemshika ukosi.