Maji Yaliyo Juu ya Maji

Zamani nilidhani kwamba mtu akichimba kisima hupita katika udongo mkavu mpaka ayafikie maji, na kutoka hapo kwenda chini ni maji matupu. Niliamini hivyo mpaka mjomba wangu, akaaye nje kidogo ya mji wa Mpanda, alipokiharibu kisima chake, nami nikiwa msaidizi wake.

Kisima kile kilikuwa na kina cha futi 20 hivi. Wakati wa mvua kilijaa vizuri, lakini ilipofika Septemba tulichota kwa kata. Mjomba akasema, "Maji yamekimbilia chini, tuyafuate." Tukashuka na sururu. Tulikuta udongo wa mfinyanzi, mweupe na wenye kunata, tukautoboa. Chini yake palikuwa na changarawe kavu! Jioni hata yale maji machache ya asubuhi hayakuwapo.

Sababu yake ni hii. Maji ya mvua hupenya mchangani kwa urahisi, lakini mfinyanzi huyazuia. Basi hukaa juu yake kama uji katika bakuli. Chini ya bakuli hilo ardhi ni kavu tena, na mbali zaidi ndipo yalipo maji makuu ya ardhini. Bakuli lenyewe huenda likawa dogo sana. Ndiyo maana kisima kimoja huwa na maji, na cha jirani, hatua chache tu, kikawa kikavu. Hapo watu husingizia uchawi.

Ukitaka kuhakikisha, chukua kopo, litoboe matundu chini, ulijaze mchanga nusu. Laza juu yake kifuniko cha plastiki chenye ukingo, kilicho chembamba kuliko kopo, kikitazama juu kama kisahani. Ongeza mchanga, kisha mimina maji. Yakiisha kuchuruzika, fukua: mchanga ulio ndani ya kifuniko umelowa chepechepe. Sasa kitoboe kwa msumari, ungoje kidogo. Utaona kilichompata mjomba.

Mwaka uliofuata tulichimba kisima kingine, mbali na choo, kwa kuwa maji yaliyo karibu na uso wa nchi huchafuka upesi. Tulipofika kwenye udongo mweupe, mjomba alinipokonya sururu. Badala ya kushuka, tulipanua kisima pembeni. Oktoba tulipata ndoo nne kwa siku.