SOMO LA WANACHAMA: ASALI KATIKA BANDEJI

Mkata mkonge wa Korogwe huijua miiba ya mkonge, na mkulima wa Handeni huujua ukali wa panga. Jeraha dogo likiingiwa na vijidudu laweza kumlaza mtu msimu mzima wa palizi. Katika mapori ya Handeni hurinwa asali, na asali ndiyo mojawapo ya vitu ambavyo wataalamu hutia katika bandeji za siku hizi. Yafaa wanachama waelewe nguvu yake na mpaka wake.

Bandeji ya kawaida hufunika kidonda na kufyonza maji tu. Bandeji iliyotiwa asali, au madini ya fedha, hupambana pia na vijidudu. Asali hufanya hivyo kwa njia tatu. Kwanza, sukari yake nyingi huvinyang'anya vijidudu maji. Pili, ina asidi. Tatu, nyuki huitia kimeng'enya ambacho, kikikutana na unyevu wa kidonda, hutoa haidrojeni peroksaidi kidogo kidogo.

Mwaka 2015 wataalamu walichambua majaribio 26 yaliyohusu watu 3,011. Ilionekana kwamba majeraha ya moto yasiyo ya kina kirefu hupona upesi zaidi kwa asali kuliko kwa bandeji za kawaida. Kwa aina nyingine nyingi za vidonda, ushahidi haukutosha.

Je, mwanachama achote asali ya debe ajipake? La. Asali ya mzingani yaweza kuwa na mbegu za vijidudu vya hatari. Ile ya hospitali husafishwa kwa mionzi ya gama, inayoua mbegu hizo bila kuondoa nguvu ya asali. Kuichemsha huharibu kimeng'enya. Wala asali haizuii pepopunda. Aliyejeruhiwa aoshe kidonda kwa maji safi na sabuni, akifunge kwa kitambaa safi, aende zahanati na kuulizia sindano ya pepopunda.

Wajibu wa warinaji ni huu: kurina masega yaliyokwisha kufunikwa kwa nta, kutumia vyombo safi na vikavu, na kutotia maji wala sukari. Asali yenye maji kupita asilimia 20 huchacha upesi, na haifai dawa wala soko.

Maswali ya kujadiliana:
1. Kwa nini asali ya dawa haichemshwi?
2. Vyombo vya chama chetu vina usafi gani?