SOMO: Maji ya mpunga na malaria

Ukitoka Bukavu ukashuka Kamanyola mpaka Sange, unasikia joto likiongezeka. Bukavu iko juu, karibu mita 1.500. Katika Bonde la Ruzizi kuna joto, na mbu wa malaria anakua haraka. Mwenye kuishi mlimani akienda kulima huko chini aende na chandarua chake, sababu mwili wake haukuizoea malaria na homa inaweza kumshika kwa nguvu.

Ukiuliza katika mkutano ni nini inaleta malaria, wote wanajibu mbio: ni mbu, tulale ndani ya mustikere. Lakini mustikere nyingine zinafunika miche ya mboga, nyingine zinavua samaki. Tunajua, lakini hatufanyi.

Mbu anazaliwa wapi?
Wengi wanasema: kwenye takataka. Mbu wa malaria anapenda zaidi maji safi yaliyotulia na kupigwa na jua: shamba la mpunga, shimo la matofali, mfereji ulioziba, ukingo wa bwawa la samaki wenye majani. Kutoka yai mpaka mbu anayeruka ni siku 7 mpaka 14. Maji yakikauka mbele ya siku hizo, viluwiluwi vyake vinakufa.

Kazi ya koperative
1. Mpunga ukiisha kushika mizizi, fungeni maji kila wiki kwa siku chache, mpaka pasibaki madimbwi. Kisha rudisheni maji. Mpunga ukitoa maua, msiukaushe.
2. Wote wa mfereji mmoja mkaushe siku zilezile. Shamba moja likibaki na maji, mbu wake wataruka mpaka nyumba za wote. Ndiyo maana kazi hii si ya mtu mmoja: pangeni siku katika mkutano.
3. Zibueni mifereji, fukieni mashimo ya matofali, ng'oeni majani kwenye kingo za mabwawa.

Nyumbani
Mustikere mpya itundikwe kivulini siku moja mbele ya kuitumia. Ifuliwe kwa sabuni ya kawaida, ianikwe kivulini. Watoto wadogo na mama wajawazito wasikose kulala ndani yake. Mama mjamzito aende pia kwenye kituo cha afya apewe dawa ya kumkinga.

Homa ikianza, usinunue dawa ovyo sokoni. Siku ileile nenda kwa reko ao kituo cha afya upimwe damu. Ikiwa ni malaria, maliza dawa yote. Mtoto akishikwa na degedege, akitapika kila kitu, akishindwa kunyonya ao akipoteza fahamu, mkimbizeni hospitali, hata usiku.

Wakati wa palizi, mgonjwa mmoja anaondoa watu wawili shambani: yeye mwenyewe na mwenye kumuuguza. Majani hayawangoji.

Ya kuzungumza katika mkutano
- Katika mfereji wetu, ni siku gani tutafunga maji pamoja?
- Nani atazunguka kuangalia?
- Mustikere ngapi katika nyumba zetu ziko juu ya kitanda usiku huu?